Godoro la Nyuma ya Gari

Shangazi alipotuona tunatandika magodoro nyuma ya gari, alishika kiuno. "Mwanangu, hawa watoto watakusumbua tu. Waache wapate akili kwanza." Ilikuwa Disemba 2022, hapa Maskati. Wanangu walikuwa na miaka 11, 7 na 3, na Makka ilikuwa mbele yetu zaidi ya kilomita 2,000. Sikumjibu, maana shangazi hajibiwi. Lakini njia nzima nilikuwa namjibu moyoni.

Jibu la kwanza ni kaka yake mwenyewe. Baba yangu alizaliwa Unguja 1950, na 1954 bibi alikwenda naye kuhiji. Meli mpaka Aden, nyingine mpaka Jiddah, kisha lori. Mwaka ule hija iliangukia Agosti, na lile jua la Agosti bibi alilisimulia mpaka anakufa. Baba yeye alikumbuka maduka. Alikuwa akisema vilima vya Safa na Marwa viko sokoni, nasi tukimcheka tukidhani amechanganya na soko la Darajani, Unguja. Kumbe mkweli alikuwa yeye. Mpaka kazi ya kuupanua Msikiti Mtukufu ilipoanza 1955, pale panapofanyiwa sai palikuwa ni mtaa hasa: maduka huku na huku, wachuuzi, watu wanakatiza na mizigo yao, na mahujaji katikati wanakwenda na kurudi mara saba. Baba aliona tamutamu dukani akaanza kulia. Bibi alikuwa kwenye mwendo wa tano, akamwambia hapewi kitu mpaka ufike wa saba. "Kuhesabu mpaka saba nimejulia pale," baba alikuwa akisema, na akicheka.

Na ile sai yenyewe ni kitu gani, kama si mama na mtoto mchanga? Bi Hajara alikimbia baina ya vilima vile kumtafutia maji Ismaili. Ibada nzima imejengwa juu ya kilio cha mtoto, halafu tunaambiwa watoto wanaharibu ibada.

Kabla ya malori walikuwapo ngamia. Kutoka Jiddah mpaka Makka si mbali, hazifiki kilomita 100, lakini kwa ngamia zilikuwa ni kama safari ya siku mbili, watu wakilala Bahra. Wenye watoto walipanda shugdufi. Hivi ni vitanda viwili vya miti vilivyofunikwa kwa mikeka, kimoja kila upande wa ngamia, vimefungwa kwa kamba juu ya nundu. Pande mbili lazima zilingane uzito. Mama akiingia huku na wanawe wawili, kule aingie baba, au mizigo, la sivyo shugdufi lote linapinduka. Mama hakuweza hata kumhamisha mtoto upande wa pili bila msimamizi wa ngamia kupiga kelele. Nikilifikiria hilo, ugomvi wa wanangu wa nani akae dirishani nauona mwepesi.

Motokaa zilishika njia ile baada ya Mfalme Abdulaziz kuichukua Hijazi katikati ya miaka ya 1920, na wenye ngamia ndio waliokula hasara. Ilipofika 1933, Evelyn Cobbold, Mwingereza aliyesilimu, alihiji kwa motokaa, naye ana miaka zaidi ya 60.

Kwetu Oman gari lilichelewa. Sultani Qaboos aliposhika nchi 1970, barabara ya lami ilikuwa kama kilomita 10 tu nchi nzima. Baba alirudi kutoka Unguja katika miaka hiyo, kama Wazanzibari wengi waliorudi, akakuta lami inamwagwa kila upande. Mwaka 1986 alitupakia sisi wanne kwenye gari refu, godoro nyuma, hakuna mikanda, hakuna kipoza hewa cha maana, tukaenda umra kwa kupitia Imarati. Nilikuwa na miaka sita. Mama alipika visheti ndoo nzima. Mpaka leo nikisikia harufu ya iliki na petroli pamoja, naiona mipaka: foleni, jua, na baba ameshika pasi zetu kama karata.

Sisi hatukupita Imarati. Disemba 2021 ilifunguliwa barabara kutoka upande wa Ibri kuingia Saudia moja kwa moja, zaidi ya kilomita 700 ndani ya Rub' al-Khali, yaani Robo Tupu, na kweli ni tupu. Bertram Thomas, aliyekuwa waziri wa Sultani wa Maskati, alilivuka jangwa hilo kwa ngamia kutoka Salala mpaka Doha, tokea Disemba 1930 mpaka Februari 1931, akawa Mzungu wa kwanza kufanya hivyo. Sisi tulijaza tangi, tukapakia katoni sita za maji, na mchana wote tukatazama vilima vya mchanga mwekundu vikipita dirishani. Wa kati aliuliza nani anaufagia. Swali zuri: mchanga huingia barabarani usiku, na matingatinga huusukuma asubuhi.

Zile katoni za maji zilinikumbusha Bi Zubeda, mke wa Harun al-Rashid. Wengi wetu tunamjua kwa hadithi za Alfu Lela Ulela, lakini kazi yake kubwa iko ardhini. Njia ya mahujaji kutoka Kufa mpaka Makka, kiasi cha kilomita 1,400, inaitwa kwa jina lake kwa sababu ya visima na mabirika aliyoyagharimia, na Makka penyewe alileta maji kwa mfereji. Sijui msafiri gani mwenye mtoto atapita pale asimwombee.

Sayl al-Kabir ndiyo miqati, mahali pa kuvalia ihramu, kwa wanaotokea upande wa Najdi, nasi tulifika alfajiri, baridi kali. Mume wangu alimvisha mdogo ihramu juu ya pampasi, nguo ya juu ikaanguka, akaifunga, ikaanguka tena. Nia tukamwekea sisi, maana mtoto wa umri ule huwekewa nia na mlezi wake. Pembeni mzee mmoja wa Kisudani alimtazama akatabasamu, akanisimulia kwa Kiarabu habari niliyokuwa naijua: yule mwanamke wa Rawha aliyemwinua mtoto wake mbele ya Mtume (S.A.W.) na kuuliza kama na huyu ana hija, akajibiwa kuwa anayo, na mama ana ujira. Hapo ndipo shangazi aliponitoka kichwani.

Sai siku hizi ni marumaru na ubaridi wa mashine, na duka hakuna. Mdogo alilala kwenye kigari mwendo wa pili. Mkubwa alihesabu mpaka saba, na wa kati akadai ni sita. Ikabidi tusimame Marwa tuwaamue.

Hija ya utotoni haimwondolei mtu faradhi, na baba alirudi kuilipa yake 1991, kwa gari. Wanangu wamefanya umra tu. Hija yao bado wanadaiwa, wote watatu.