Vifaa vya kutengeneza jibini nyumbani bila gharama kubwa

MSIMU wa mvua unapowadia, malisho huwa tele na ng'ombe huongeza maziwa. Wakati uo huo bei hushuka, barabara za mashambani hujaa matope, na mkulima wa Nyandarua, Nakuru au Uasin Gishu hujikuta na maziwa ya jioni yaliyokosa mnunuzi. Maziwa mabichi hayasubiri. Yakilala bila kupoezwa, huenda kukapambazuka yakiwa yamekwisha kuharibika.

Jibini ni mojawapo ya njia kongwe za kuyaokoa. Lita 10 za maziwa ya ng'ombe hutoa takriban kilo moja ya jibini ngumu, na zaidi ya hapo iwapo ni ile laini inayoliwa ingali mpya. Hata hivyo, wengi huiogopa kazi hii wakidhani kwamba haiwezekani bila mitambo ya viwandani. Ukweli ni kwamba vifaa vingi vya mwanzo vimo jikoni tayari. Muhimu kwa anayeanza ni kutofautisha kifaa asichoweza kukikwepa na kile anachoweza kujiundia kwa alichonacho.

Kipimajoto

Iwapo fedha zinatosha kununua kifaa kimoja tu, basi na kiwe kipimajoto. Kile cha kupimia homa hakifai, kwani kipimo chake huishia nyuzi 42 hivi. Kinachohitajika ni cha kupimia vyakula, chenye kipimo cha kuanzia sufuri hadi nyuzi 100 za Selsiasi au zaidi. Ni vyema kuepuka cha kioo chenye zebaki. Kikivunjika ndani ya sufuria, maziwa yote ni ya kumwagwa, na zebaki yenyewe ni sumu.

Kifaa hiki ndicho kinga ya afya ya familia. Maziwa mabichi yanaweza kubeba vijidudu vya kifua kikuu na vya bruselosisi, ugonjwa unaomletea mtu homa za mara kwa mara na maumivu ya viungo. Vijidudu hivyo huangamizwa kwa kuyapasha maziwa hadi nyuzi 63 na kuyaweka katika joto hilo kwa dakika 30, huku yakikorogwa. Kidole hakiwezi kupima joto hilo, na jicho haliwezi kulikisia.

Kabla ya kutumiwa, kipimajoto sharti kijaribiwe. Kikitumbukizwa katika maji yaliyojaa barafu inayoyeyuka, kinapaswa kuonyesha sufuri. Jaribio la maji yanayochemka linahitaji uangalifu. Mombasa, ufuoni mwa bahari, maji huchemka katika nyuzi 100, lakini Nairobi, iliyo kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, huchemka katika nyuzi 94 au 95. Kwa hivyo, mkazi wa nyanda za juu asikitupe kifaa kizima akidhani ni kibovu.

Sufuria

Sufuria nyingi katika maboma yetu ni za alumini. Hizo zinafaa kwa ugali na chai, lakini si kwa jibini, kwa sababu asidi ya limau au ya maziwa yaliyochachuka huila alumini na kuacha ladha ya madini. Inayofaa ni ya chuma cha pua kisichoshika kutu. Asiyeimudu anaweza kutumia ya enameli, mradi isiwe imebambuka ndani.

Kwa lita tano za maziwa, achague sufuria ya lita saba au nane ili yasifurike. Sufuria ya alumini nayo haikosi kazi. Ile kubwa hutiwa maji na kuwekwa mekoni, kisha ile ya maziwa huketishwa ndani yake. Kwa njia hii maziwa hayaungui, na joto hudhibitika hata kwenye jiko la makaa.

Upawa uwe wa chuma cha pua pia. Mwiko wa mti una vinyweleo vinavyohifadhi mabaki ya maziwa na harufu ya vitunguu vya jana.

Chujio na kitambaa

Chujio la kawaida la mashimo linatosha, likitandikwa kitambaa cha pamba. Melikani nyepesi au melimeli, ikatwe vipande vya mraba vya takriban nusu mita, itatumika kwa muda mrefu. Shashi ya kufungia vidonda haifai kwa kuwa matundu yake ni makubwa mno na chenga za jibini hupita.

Baada ya kazi, kitambaa kisuuzwe kwanza kwa maji baridi, kwani maji moto hugandisha protini ya maziwa kwenye nyuzi. Ndipo kifuliwe, kichemshwe kwa dakika 10 na kuanikwa juani. Sabuni yenye manukato iepukwe, la sivyo jibini itanukia sabuni.

Kalibu na uzani

Hapa ndipo pa kuokoa fedha. Kalibu ya kuipa jibini umbo inaweza kuwa mkebe wa plastiki uliokuwa wa mtindi au siagi, uliotobolewa matundu madogo chini na ubavuni. Matundu yatobolewe kutoka ndani kwenda nje, ili kingo zenye makali zisiishike jibini. Mikebe ya rangi, dawa za mifugo au kemikali isitumiwe kamwe, hata ikioshwa mara ngapi.

Mashine ya kukamulia nayo inaweza kungoja. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kwa hivyo mtungi wa plastiki wa lita tano uliojazwa maji ni uzani wa kilo tano, na wa lita 10 ni kilo 10. Mtungi huo uwekwe juu ya kisahani kinachoingia ndani ya kalibu. Uzani ukihitaji kupunguzwa, maji humwagwa kiasi.

Jibini ya kwanza

Jibini ya limau ndiyo rahisi zaidi kwa anayeanza. Maziwa lita tano hupashwa hadi kati ya nyuzi 85 na 90, yakaepuliwa. Maji ya limau yaliyochujwa, au siki, hutiwa polepole, vijiko vikubwa viwili hivi kwa kila lita, huku yakikorogwa taratibu. Maziwa yakigawanyika kuwa mabonge meupe na maji ya rangi ya kijani iliyofifia, utiaji hukoma. Baada ya dakika 10 huchujwa, hutiwa chumvi na kukandamizwa kwa uzani wa kilo tano kwa muda wa saa moja. Maji yanayobaki hufaa kukandia unga wa chapati au kunywesha nguruwe.

Akishaizoea, anaweza kujaribu ya reneti, kimeng'enya kinachogandisha maziwa. Hapo atahitaji pia kisu kirefu kinachofika chini ya sufuria, cha kukatia maziwa yaliyoganda vipande vya sentimita moja au mbili. Maziwa yapoe kwanza hadi nyuzi 32 hivi, na reneti ichanganywe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kwani klorini ya maji ya mfereji huidhoofisha. Maziwa ya pakiti yanayodumu kwa miezi bila jokofu hayagandi vyema kwa reneti.

Yasiyo ya haraka

Nta ya kufunikia jibini na jokofu maalumu la kuikomaza si vifaa vya mwezi wa kwanza. Jibini ngumu hukomazwa kwa wiki au miezi katika joto la nyuzi 10 hadi 13 na hewa yenye unyevu, hali isiyopatikana katika jokofu la nyumbani. Jibini laini, kwa upande wake, iwekwe kwenye jokofu na kuliwa katika muda wa siku chache. Asiye na jokofu atengeneze ya kuliwa siku hiyo tu.

Anayenuia kuuza atahitaji leseni ya Bodi ya Maziwa Nchini (KDB) na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Nchini (KEBS). Mafunzo hutolewa katika Taasisi ya Mafunzo ya Maziwa iliyoko Naivasha, na Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, kina idara ya taaluma hiyo.

Kwa matumizi ya nyumbani, hata hivyo, mtaji ni kipimajoto, sufuria moja nzuri na kipande cha melikani. Mengine yaongezwe kadiri mkono unavyozoea, na ni busara kuanza na lita mbili au tatu, ili somo la kwanza, likienda mrama, lisimgharimu mtu maziwa ya siku nzima.