Mtawa Aliyekatazwa Kuimba

Wengine mtauliza, "Pasta, leo mtawa wa Kikatoliki tena?" Ndiyo. Someni kwanza.

Hildegard alizaliwa Ujerumani mwaka 1098, na wazazi wake wakamtoa kwa Mungu akiwa msichana mdogo. Tangu utotoni alikuwa akiona maono, tena akiwa macho kabisa, si ndotoni. Mwaka 1141, akiwa na miaka 42, alisikia sauti ikimwamuru aandike. Akasita mpaka akaugua. Kitabu cha kwanza, Scivias, kilimchukua miaka kama kumi. Lakini mimi hunigusa zaidi nyimbo zake. Alitunga zaidi ya 70, pamoja na mchezo wa kuimba uitwao Ordo Virtutum. Humo fadhila zote zinaimba. Shetani peke yake haimbi, anapayuka tu.

Sasa twende mwaka 1178. Mama huyu ana miaka 80, anaongoza watawa wa Rupertsberg, karibu na mji wa Bingen. Wamemzika makaburini mwao mtu aliyewahi kutengwa na Kanisa. Viongozi wa kanisa la Mainz wanaagiza maiti ifukuliwe. Hildegard anakataa. Yule mtu alitubu, akapokelewa tena, akapewa sakramenti kabla ya kufa. Nani amtoe kaburini mtu ambaye Mungu amemsamehe?

Wakapigwa marufuku: hakuna misa, hakuna Meza ya Bwana, hakuna kuimba. Zaburi zisomwe kwa sauti ya chini, milango imefungwa. Hebu fikirieni ibada yetu hivyo, Jumapili moja tu!

Kuimba waliacha, lakini kaburi hawakuligusa. Hildegard akawaandikia wakuu wa Mainz barua. Adamu kabla ya kuanguka, alisema, alikuwa na sauti iliyopatana na ya malaika. Akawakumbusha Zaburi ya 150. Shetani hawezi kuvumilia mwanadamu akimsifu Mungu kwa wimbo, na huvuruga sifa hata kupitia watu walio ndani ya Kanisa. Anayezinyamazisha bila haki atakosa nafasi ya kusifu pamoja na malaika mbinguni. Bibi wa miaka 80, akiwaambia hivyo wakubwa wake!

Mainz hawakulegea upesi. Askofu mkuu wao, Christian, alikuwa Italia, na ni kutoka huko alikoagiza marufuku iondolewe, mwaka 1179, baada ya mashahidi kuthibitisha kwamba marehemu alikuwa amesamehewa. Watawa wakaimba tena. Hildegard alifariki tarehe 17 Septemba mwaka huohuo.