Gongo la Kuazima

Watu wa kriketi wa Nairobi wakikutana, ngoja tu kidogo, lazima mtu ataitaja tarehe 4 Oktoba 1996. Siku hiyo, pale Gymkhana, Shahid Afridi wa Pakistan aliingia kupiga kwa mara ya kwanza katika mechi ya kimataifa ya siku moja, akafikisha mia kwa mipira 37. Na hakuwa akicheza na watoto. Sri Lanka ndio waliokuwa mabingwa wa dunia. Rekodi ile ilidumu hadi Januari 1, 2014, Corey Anderson wa New Zealand alipotumia mipira 36.

Mimi hunivutia zaidi gongo lenyewe. (Kuna wanaosema bati, lakini kwangu bati ni la kuezekea nyumba.) Afridi amesimulia mara nyingi kwamba halikuwa lake. Lilikuwa la Sachin Tendulkar, aliyempa Waqar Younis ampelekee Sialkot, mji wa mafundi wa vifaa vya michezo, atengenezewe jingine kama hilo. Waqar akamwazima kijana. Sasa niambie, nani hupeleka kwa fundi sampuli ya gongo asiloliamini? Sifa zote zilimwendea mpigaji, lakini kazi ya kuliandaa ilifanywa na mikono mingine.

Kwa sababu gongo jipya halichezi, bana. Ubao wake ni wa wilo, mti unaopenda kingo za mito, na ubora wake ndio udhaifu wake: ni mwepisi, nyuzi zake laini. Kiwandani huupitisha kwenye roli kuukandamiza, lakini haitoshi. Mpira wa kriketi ni ngozi iliyoshonwa kwa kubana juu ya kizibo na uzi, karibu gramu 160. Ukigusa ukingo ambao haujakomaa, unaupasua.

Kwa hiyo unaanza na mafuta ya mbegu za kitani. Kidogo, kwa kitambaa, uso na kingo, usiguse pale mpini ulipounganishwa na ubao. Unalilaza usiku kucha. Halafu nyundo ya mbao: polepole mwanzoni, kama unabisha hodi kwa mkwe, kisha unaongeza nguvu. Kingo hazigongwi moja kwa moja. Unazilenga kwa pembe mpaka zijiviringe. Hesabu saa sita hivi, zigawe kwa siku kadhaa.

Wengi wamejaribu kuikwepa kazi hii ya mbao. Mwaka 1979, mjini Perth, Dennis Lillee wa Australia aliingia uwanjani na gongo la alumini, nahodha wa Uingereza akalalamika, Lillee akalitupa kwa hasira. Baadaye sheria ikaandikwa wazi kwamba ubao lazima uwe wa mti. Nyundo ikabaki na kazi yake.

Hapa kwetu, swali la nani ana gongo lilikuwa pia swali la rangi. Kuanzia 1910 maafisa wa kikoloni walicheza na masetla. Kuanzia 1933 Wazungu wakapambana na Waasia. Mwafrika hakuwa na timu kwenye ratiba hizo. Ndiyo maana Februari 29, 1996, kule Pune, Kenya ya kina Maurice Odumbe na Steve Tikolo ilipowatoa West Indies kwa 93, ushindi ule ulikuwa mkubwa kuliko ubao wa matokeo. Miaka saba baadaye tukafika nusu fainali ya Kombe la Dunia.

Timu yetu ya mtaani ilichanga doo ikanunua gongo moja la wilo. Moja, kwa watu kumi na mmoja. Likipasuka, msimu umekwisha. Nyundo nilipewa mimi, kwa sababu eti nina subira, na jirani wa chini amekwisha kupanda ngazi mara mbili kuuliza ninajenga nini. Jana tulilijaribu kwa mpira mkuukuu, likatoa ule mlio mkavu tunaoutaka. Leo tumejaribu mpira mpya, na mshono wake umeacha alama usoni. Maana yake ubao bado ni laini. Nimemwomba jirani saa moja nyingine, kabla watoto wake hawajalala.