Maji ya Ndimu Katika Nchi Kavu

Mtu wa pwani, ambaye mndimu wake umesimama nyuma ya jiko, hana haja kubwa ya kuweka akiba ya maji ya ndimu, kwani akitaka kuukoleza mchuzi humtuma mtoto akachume mbili tatu, na zikizidi huzitia chumvi na kuzianika juani zikawa achari. Lakini katika nchi ya Singida, ambako mvua ni ya msimu mmoja tu na uchachu wa asili ni wa ukwaju na ubuyu, ndimu ilikuwa mgeni, tena mgeni adimu, na ilipopatikana haikuachwa ikapotea.

Njia ya mgeni huyo ni ya zamani. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji ilipita Mgunda Mkali, ile nyika ya miiba na kiu ambayo leo imo kwa sehemu kubwa upande wa Manyoni, na ambayo Richard Burton na John Speke waliivuka mwaka 1857. Na mbele yake, Tabora ya Unyanyembe, Waarabu walikuwa wamekwisha kupanda bustani zao. Baadaye Wajerumani wakaleta reli, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, hata vituo vya Manyoni na Itigi vikawa milango ya kuingizia kwa gunia matunda ya nchi zenye mvua. Gunia ni neema, ila hewa kavu ya bara haina huruma: ganda hujikunja na kuwa gumu, na mwenye ndimu nyingi hana budi azikamue zote kwa siku moja.

Tena maji yaliyokamuliwa huharibika yasipotunzwa, na taabu hiyo mabaharia wa Kizungu waliijua pia. Tabibu James Lind aliwapa wagonjwa wa kiseyeye machungwa na malimau mwaka 1747 wakapona upesi, na tangu mwaka 1795 manowari za Uingereza ziligawiwa maji ya limau, yaliyomiminiwa mafuta kidogo juu yake chupani ili hewa isiyaguse.

Shangazi yangu, aliyekaa karibu na Ziwa Kindai, hakupata kusikia habari za Lind, lakini kanuni yake ilikuwa ile ile. Aliyachuja maji kwa kitambaa cha merikani, akatoa kokwa zote, kwa kuwa zikilala humo huyatia uchungu; chombo cha shaba hakukikubali kabisa; chupa alizichemsha, akazijaza hata shingoni, akazifunga kwa gunzi lililochongwa, kisha akazifukia nusu katika mchanga uliokuwa chini ya mtungi, ambao haukukauka hata kiangazi kwa sababu mtungi ulikuwa ukitoa jasho mchana kutwa.

Lakini maarifa yake makubwa yalikuwa katika kuhukumu. Maziwa yakichacha ulimi hutambua mara moja, ilhali ndimu ni chachu tangu mtini, kwa hiyo ulimi si shahidi wa kutegemewa. Yeye aliinua chupa juani: maji yakiwa yamegeuka hudhurungi na harufu ya ganda imefifia, aliyahesabu kuwa yamezeeka tu, yakafaa kwa mchuzi; lakini akiona utando juu au nyuzi nyeupe zikielea, hakuyaonja. Kisha alitega sikio. Nadhani hapa ndipo ilipo historia ya kweli ya jambo hili, kwamba tunda lilisafiri kutoka mbali, lakini elimu ya kulitunza ilikuwa imekwisha kuwako nyumbani, kwa wanawake waliojua tangu usichana sauti ya chungu cha pombe ya mtama kinachochemka bila moto.

“Sikiliza, mwanangu,” aliniambia siku moja, akilizungusha gunzi la chupa taratibu. Ikatoka pumzi ndefu, na povu likapanda shingoni kama linalotafuta njia. Hakuinusa. Alitoka nayo uani, akaimwaga yote chini ya mkwaju, akarudi kuchemsha chupa.