Shina, Kiambishi na Daftari: Kutafuta Majina katika Sajili za Ardhi za Meru na Embu

Baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954, mashamba ya Meru na Embu, kama ya sehemu nyingine za nyanda za juu za Kenya, yalipimwa na kupewa namba. Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya 1963 iliuimarisha utaratibu huo: kila shamba lina ukurasa wake, nalo hutajwa kwa eneo la usajili na namba, kama vile Ntima/Igoki huko Meru au Ngandori/Kirigi huko Embu. Sheria hiyo ilifutwa 2012, lakini utaratibu wa namba ulibaki.

Mwenye namba huupata ukurasa upesi. Taabu humpata mrithi ajuaye jina la babu tu, kwani daftari lililopangwa kwa namba halijibu swali la jina. Sharti lisomwe lote. Kompyuta isiyo na faharasa ya majina nayo hufanya vivyo hivyo. Katika jedwali la majina 1,000,000 yaliyopangwa kwa alfabeti, kwa kuligawa nusu kila mara, hatua 20 zatosha.

Hata hivyo, alfabeti pekee haitoshi. Majina mengi ya wanaume wa Kimeru huanza na M', kiambishi ambacho kwa kawaida hufasiriwa "mwana wa". Amtafutaye Ikiara katika herufi I hatamwona M'Ikiara. Akiagiza litafutwe kila jina lenye "ikiara" popote ndani yake, mpango wa alfabeti haumsaidii tena, na jedwali husomwa lote. Huko Embu, Mũgo huandikwa pia Mugo.

Watunga kamusi walikwisha kulikabili jambo hili. Kamusi ya Johnson ya 1939 humweka "msomaji" chini ya "soma". Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 humweka katika M. Kila uamuzi huharakisha swali moja na kulichelewesha jingine.

Kompyuta yaweza kuyakubali yote mawili: jina libaki lilivyoandikwa, na kando yake liwekwe shina lisilo na kiambishi wala alama, lenye faharasa yake. Gharama yake ni nafasi zaidi na kazi zaidi kila jina jipya liingiapo. Tena kila M isikatwe ovyo, maana M ya Mutwiri ni ya jina lenyewe. Pale alama ya ritifaa ilipopotea, mashine haina la kuamua; huhitajika mjuzi wa lugha, la sivyo mrithi ataambiwa upesi sana kwamba babu yake hakuwa na shamba.