Kasisi, Ardhi na Shule: Kijiji cha Burston, Norfolk, 1911–1939



Wengi wetu tulisomeshwa historia ya Uingereza ya wafalme, manowari na mawaziri wakuu. Kibarua wa Kiingereza hatukumwona kabisa. Mwingereza tuliyemjua ni yule aliyekuja kwetu, na huyo alikuja bwana. Mimi mwenyewe nimekaa nchi hii miaka mingi kabla sijajiuliza: je, wale waliobaki kwao, wakilima mashamba ya watu, waliishi vipi? Na nani alikuwa bwana wao?

Jibu moja nimelipata Burston, kijiji kidogo karibu na mji wa Diss, mkoa wa Norfolk. Lakini kwanza tuelewane juu ya neno. Tukisema "parokia", msomaji wa Kiswahili anafikiria padri na waumini wake, basi. Parokia ya shamba Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa zaidi ya hapo. Ilikuwa ni ardhi yenye mipaka, na kila aliyekaa ndani yake, akiwa anasali au hasali, alikuwa mtu wa parokia ile. Kasisi wa Kianglikana alikuwa na ardhi ya cheo chake, kitu kinachofanana kidogo na wakfu wa msikiti, isipokuwa mapato yake yalikuwa yake yeye, na aliikodisha kwa amtakaye. Mara nyingi mwinyi wa pale, yule mwenye ardhi kubwa, ndiye aliyekuwa na haki ya kumchagua kasisi. Sasa hapo utaona mimbari na shamba zilivyokuwa kitu kimoja.

Kibarua wa Norfolk kabla ya vita vya 1914 alipata kama shilingi 13 au 14 kwa wiki, yaani pauni 35 hivi kwa mwaka. Kasisi wa Burston alipata zaidi ya pauni 500, pamoja na nyumba kubwa na ekari zaidi ya 50. Nyumba nyingi za vibarua zilikuwa za mwenye shamba: ukifukuzwa kazi, umefukuzwa na nyumba pia. Ukizeeka bila ya mtu wa kukutazama, ulikuwa unangojewa na nyumba ya maskini, ambako mume na mke walizoea kutenganishwa. Ndiyo maana pensheni ya wazee iliyoanza kulipwa tarehe 1 Januari 1909, shilingi 5 kwa wiki kwa maskini waliotimiza miaka 70, ilipokewa kama rehema. Fedha hizo zilichukuliwa posta, si kwa kasisi wala kwa tajiri. Hilo si jambo dogo.

Kwenye hali hiyo, mwaka 1911, wakaingia Burston mke na mume, Annie na Tom Higdon. Mke alikuwa mwalimu mkuu, mume msaidizi wake. Walitoka kijiji kingine cha Norfolk, Wood Dalling, na huko waligombana na wakulima wakubwa waliowatoa watoto wa kiume shuleni kwenda kufanya kazi za shamba. Tom pia alikuwa mtu wa chama cha wafanyakazi wa mashamba, kile kilichoanzishwa Norfolk mwaka 1906 na George Edwards, ambaye utotoni mwake aliajiriwa kuamia ndege na baadaye akaingia Bungeni. Mwaka huo huo wa 1911 akaja Burston kasisi mpya, Charles Tucker Eland, naye akawa mwenyekiti wa kamati ya shule.

Ugomvi ulianza na mambo ambayo mtu angeyaita madogo. Shule ilikuwa na unyevu na baridi. Siku ya mvua watoto walifika wamerowa, mwalimu akawasha moto kuwakausha nguo bila ya kuomba ruhusa ya kamati. Likawa kosa. Lakini mimi naona kiini chake ni uchaguzi wa baraza la parokia wa 1913. Mabaraza haya yalianzishwa kwa sheria ya 1894, na wajumbe walichaguliwa kwa kunyoosha mikono mkutanoni. Hebu fikirini: unanyoosha mkono mbele ya mtu anayekukodisha nyumba! Pamoja na hayo vibarua wa Burston wakamchagua Tom Higdon na wenzao, na kasisi akashindwa.

Baadaye Annie akashtakiwa kuwa amewapiga wasichana wawili yatima waliolelewa pale kijijini. Mwenyewe alikanusha. Ukaguzi wa wakubwa wa elimu haukumsafisha, na wote wawili wakaachishwa kazi. Sitaki kuwafanya malaika. Annie alikuwa na ulimi mkali, hata wanaompenda wanakubali. Lakini watu wa kijiji, ambao watoto wao ndio waliosomeshwa naye, walikwisha toa hukumu yao. Tarehe 1 Aprili 1914 watoto 66 kati ya 72 waligoma, wakatoka shuleni na kuzunguka kijiji kwa maandamano, wakiongozwa na msichana wa miaka 13.

Wazazi walipelekwa mahakamani wakatozwa faini. Zikalipwa kwa michango. Masomo yakaendelea uwanjani, halafu kwenye karakana ya seremala. Wale waliolima vipande vya ardhi ya kasisi wakaambiwa watoke. Kumbe michango ilikuwa inakuja kutoka mbali: wachimba migodi, watu wa reli, vyama vya kazi kutoka pande nyingi za nchi. Mwaka 1917 ikafunguliwa shule mpya ya kudumu, na majina ya waliochanga yamechongwa mbele kwenye mawe ya ukuta. Eland aliondoka 1920. Shule ya mgomo ikasomesha mpaka 1939, alipofariki Tom. Miaka ishirini na mitano! Inahesabiwa kuwa mgomo mrefu kuliko yote katika historia ya Uingereza.

Naogopa tusije tukatoka na fundisho jepesi, kuwa makasisi wote walikuwa hivyo. Huko Thaxted, Essex, kasisi Conrad Noel, aliyeshika parokia ile kuanzia 1910 hadi 1942, alikuwa msoshalisti na alitundika bendera nyekundu ndani ya kanisa. Kwa hiyo tatizo halikuwa dini. Tatizo ni kuwa mtu mmoja alishika mimbari, ardhi na shule, na mnyonge akikosana naye hana pa kwenda kushtaki. Hilo, ndugu zangu, sisi watu wa pwani hatuhitaji kufafanuliwa. Tunalijua kwa majina mengine.

Nilipokwenda Burston niliikuta shule ile sasa ni makumbusho madogo, iko karibu kabisa na kanisa. Nikauliza walimu wale wamezikwa wapi. Nikaonyeshwa: uwanja wa kanisa lile lile, kaburi kando ya kaburi, yeye mwaka 1939 na mkewe 1946. Nikashangaa, kisha nikakumbuka sheria ya kale. Kila mkaazi wa parokia ana haki ya kuzikwa katika ardhi yake, awe amepatana na kasisi au hakupatana naye. Wangeweza kufukuzwa shule, nyumba na shamba. Parokia yenyewe hakuna aliyeweza kuwatoa.