Ng'ombe wa Marehemu na Daftari la Kabaila

Katika Uingereza ya karne ya 14, mtwana alipofariki msiba haukuishia kaburini. Msimamizi wa kabaila alikwenda kwa wafiwa akachukua mnyama bora zizini, awe ng'ombe au farasi. Sheria ilimruhusu. Malipo hayo yaliandikwa kwenye hati za ngozi za baraza la shamba, pamoja na ada ya kumwoza binti.

Kwa hiyo kodi ya kichwa ilipowasha maasi mwaka 1381, shilingi nzima kwa kila aliyezidi miaka 15, wakulima walizitafuta kwanza hati hizo. Zilichomwa kuanzia Essex na Kent hadi Norfolk. Mjini Cambridge, bibi mmoja aitwaye Margery Starre aliyapeperusha hewani majivu ya hati za chuo kikuu huku akilaani elimu ya makarani.

Juni 13 waasi waliteketeza Savoy, jumba la John of Gaunt, baba mdogo wa mfalme Richard II, jijini London. Vyombo vya fedha vilivunjwavunjwa. Mwandishi wa zama hizo asimulia kwamba mmoja wao aliyejaribu kuficha kipande alitupwa motoni na wenzake.

Si wote waliojizuia hivyo. Mashtaka yaliyofuata yalitaja farasi, ng'ombe na kondoo walioibwa, na huko Suffolk watu wa kiongozi wa waasi John Wrawe walitoza fedha kwa vitisho.

Lakini mji wa St Albans ndiko hasira ilikojieleza wazi zaidi. Miaka 50 hivi nyuma, abati aliwanyang'anya wenyeji mawe yao ya kusagia ili wasage kwa malipo kwenye vinu vya abasia, kisha akayatandaza sakafuni mwa ukumbi wa watawa. Sasa wakiongozwa na William Grindecobbe waliyang'oa, wakayavunja na kugawana vipande kama mkate uliobarikiwa kanisani. Walibomoa ua wa mashamba ya abasia, wakamfunga sungura kwenye mkatale wa mji, kutangaza kwamba uwindaji sasa ni wa wote.

Julai 2 mfalme Richard, kijana wa miaka 14, alifuta hati za uhuru alizowapa waasi. Grindecobbe alinyongwa mwezi huohuo. Wenyeji waliiteremsha miili ya walionyongwa, wakaizika. Mfalme akaamuru waifukue na kuitundika tena, wao wenyewe, kwa minyororo ya chuma.